Vifaa vya kufundishia vya bure mtandaoni: vipi vinafaa darasa la Lamu

Kifaa cha bure kinachotegemea mtandao kila dakika hakifai darasa la Lamu, hata kiwe kizuri namna gani. Simu inayoshika vizuri pale Mkunguni, mbele ya Ngome, hupoteza mtandao hatua chache ndani ya jumba la mawe ya matumbawe, maana kuta zake zina unene wa karibu nusu mita na zinameza mawimbi. Video ya ubora wa 360p hula kadiri ya MB 50 kwa dakika 10, na ile ya 720p hupita maradufu ya hapo. Kwa hivyo kila kilichokaguliwa hapa kimepimwa kwa swali moja: je, mwalimu anaweza kukipakua mara moja mjini, akakitia kwenye flashi, akapanda boti nacho hadi Faza au Kizingitini na kikafanya kazi vilevile?

PhET inawapita wote. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Humo mna majaribio ya sayansi na hisabati ambayo mwanafunzi anayaendesha mwenyewe kwa kidole au kipanya. Kila jaribio ni faili moja ya HTML yenye MB chache tu. Fungua ukurasa wa jaribio, bonyeza alama ya kupakua, hifadhi, basi. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa mradi utaje chanzo, kwa hivyo kumpa mwalimu mwenzako hakuvunji sheria yoyote.

Anza na jaribio la saketi (mzunguko wa umeme), Circuit Construction Kit: DC. Betri yake huja na volti 9 na balbu yake ukinzani wa omu 10. Unganisha betri moja na balbu moja, weka ameta, yaani kipima mkondo wa umeme, nayo itasoma ampea 0.90. Ongeza balbu ya pili kwenye mstari uleule: mkondo unashuka hadi 0.45 na balbu zote mbili zinafifia. Sasa zihamishe ziwe sambamba: kila balbu inarudi 0.90, na betri inatoa 1.80. Waambie wanafunzi waandike makisio yao daftarini kabla ya kubonyeza. Bila hivyo watacheza dakika 40 na kutoka mikono mitupu. Kisha waache waunganishe waya mtupu kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili. Moto utatokea kwenye skrini, na hapo ndipo pa kueleza kwa nini fyuzi ipo.

Mambo manne hukwamisha jaribio hili. La kwanza ni mishale ya mkondo: programu huanza kwa kuonyesha elektroni, zinazotembea kutoka hasi kwenda chanya, wakati vitabu vya shule vinachora mkondo kutoka chanya kwenda hasi. Badilisha kwenye kisanduku cha mipangilio kabla darasa halijaanza, la sivyo nusu ya kipindi itakwisha kwa kubishana. La pili ni ncha za waya: zikigusana kwa macho tu bila kunasa, saketi haiwaki na mtoto hudhani balbu imeungua. Sogeza ncha mpaka duara mbili ziwe moja. La tatu ni simu na vishikwambi vya Android, ambavyo mara nyingi hufungua faili kwa kisomaji kidogo kisichoendesha chochote, ukaona ukurasa mweupe. Chagua kufungua kwa Chrome. La nne ni majaribio ya zamani yaliyoandikwa kwa Java au Flash. Flash iliondolewa mwisho wa mwaka 2020, kwa hivyo chukua yale ya HTML5 pekee.

Yapo matoleo ya Kiswahili, na tafsiri zake humsaidia mwalimu anapoeleza. Lakini mtihani wa sayansi ni wa Kiingereza. Kuanzia Gredi ya 4 pakua faili zote mbili, ya Kiswahili kwa kufungulia somo na ya Kiingereza kwa kufungia, ili mtoto asikutane na istilahi ngeni siku ya mtihani. Na baada ya skrini, toa betri halisi ya tochi, waya na balbu ndogo. Katika programu waya haulegei wala haushiki kutu, ilhali kutu ndiyo ada ya pwani, na mtoto wa Amu (yaani Lamu) anapaswa kujua kukwaruza ncha ya waya hadi ing'ae.

Kolibri ni jambo la pili kwa uzito. Imetengenezwa na Learning Equality, na kazi yake ni kuigeuza laptopu moja kuwa maktaba ya darasa zima bila intaneti. Ndani yake unachagua mikondo ya masomo: video na mazoezi ya Khan Academy, hadithi za African Storybook, majaribio ya PhET na mengineyo. Usiingize mkondo mzima. Khan Academy peke yake ni makumi ya GB, na sehemu kubwa haigusi mtaala wa Kenya. Fungua mkondo, tia alama kwenye mada unazofundisha muhula huu tu (sehemu, pembe, desimali), ndipo uingize. Mazoezi yake ya hisabati ni hodari kwa sababu humpa mtoto aliyekwama vidokezo vya hatua kwa hatua. Udhaifu ni kwamba mifano ni ya Marekani, yenye dola na inchi, kwa hivyo pitia kwanza na uandae mifano ya shilingi na mita ubaoni.

Baada ya kusakinisha, vishikwambi huunganishwa na Wi-Fi ya ruta, hata ruta isiyo na intaneti, kisha kwenye kivinjari unaandika anwani ya laptopu ikifuatwa na :8080. Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa, na sababu hujirudia. Windows huuliza kama iruhusu programu kwenye mtandao wa ndani. Ukibonyeza hapana, laptopu inafungua masomo lakini kishikwambi hakioni kitu. Laptopu ikilala, darasa zima linakatika, kwa hivyo zima usingizi wake kwenye mipangilio ya umeme. Ruta ikizimika na kuwaka, anwani huweza kubadilika. Na simu ya Android ikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data yake yenyewe kimyakimya: zima data kwanza. Hotispoti ya simu inaweza kushika nafasi ya ruta, lakini simu nyingi hukubali vifaa kama 10 tu. Katika jumba la mawe, ruta na vishikwambi viwe chumba kimoja. Ukuta mmoja unatosha kuua mawimbi.

Kupeleka masomo shule nyingine hakuhitaji bando. Ndani ya Kolibri chagua kuhamishia nje, chomeka flashi, nayo itaunda folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usilibadilishe jina hilo wala usiitie ndani ya folda nyingine, maana laptopu ya pili haitaiona.

Kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, ambako lugha ya kufundishia ni lugha ya mahali, African Storybook ndiyo hazina. Ilizinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hadithi zimepangwa ngazi tano, kutoka maneno ya kwanza hadi zile za kusomewa kwa sauti, na kila moja hupakuliwa kama PDF. Yeyote anaweza kuandika humo, kwa hivyo tahajia haiko sawa kote. Tafuta zenye alama ya kuidhinishwa, na hata hizo zisome mwenyewe kabla ya watoto. Kizuri zaidi ni ruhusa ya kuzigeuza. Mtoto anayesema "ndia" nyumbani hukutana na "njia" kitabuni, na akisikia "ndoo" (njoo) yeye anaitwa, hafikirii chombo cha maji. Mwalimu anayeandaa ukurasa wa Kiamu, lahaja ya Lamu, kando ya ule wa Kiswahili sanifu humpa mtoto huyo ngazi ya kupandia. Soma hadithi kwa sauti, irekodi kwa simu, na una somo la kusikiliza.

Ubongo Kids, katuni za Dar es Salaam zilizoanza mwaka 2014, zina Kiswahili safi na nyimbo za hisabati zinazokaa kichwani. Akili and Me ni ya wadogo zaidi. Kipindi kizima ni kirefu kwa darasa. Chukua wimbo mmoja, usimamishe kila swali linapoulizwa, watoto wajibu. Kwenye YouTube zima kucheza kunakofuatana, la sivyo video isiyohusika itajileta yenyewe.

Kenya Education Cloud, tovuti ya masomo ya KICD (taasisi ya mitaala ya Kenya), inafuata mtaala wetu, na hilo ni sifa kubwa. Itumie kupanga somo, ofisini, penye mtandao.

Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, hubeba Wikipedia nzima bila intaneti katika faili moja iliyobanwa, ya aina ya ZIM. Ya Kiswahili ni ndogo na inaingia simuni bila taabu. Ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, basi chagua toleo lisilo na picha au la mada moja. Faili inayozidi GB 4 haitaingia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Kompyuta itasema faili ni kubwa mno, hali nafasi ipo. Fomati upya kuwa exFAT, ukikumbuka kwamba hilo hufuta kila kitu kilichomo.

Flashi moja ya GB 32 inatosha muhula wa kwanza: majaribio 15 ya PhET, hadithi 40 za PDF, mada tatu za Kolibri na Wikipedia ya Kiswahili. Ukuta uliopakwa chokaa ni skrini nzuri ya projekta, ila fundisha saa mbili za asubuhi upande wa kivuli, au tundika pazia zito dirishani. Hifadhi flashi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kwani hewa ya chumvi hula kichwa chake, na nakala ya pili ikae kwenye laptopu ya mwalimu mwingine.