Wakala wa ajira, Mombasa: tiketi sawa, ikama (kibali cha kuishi Saudia) wamenibebesha

Nawapa nyota mbili kati ya tano. Moja ya yule dada wa mapokezi, aliyenisomea mkataba mstari kwa mstari bila kunichoka. Nyingine, tiketi ilitoka siku waliyoniahidi.

Ila ikama! Waliniambia ada yake ni juu yangu, "kampuni itakukata kidogo kidogo." Nikatia saini, maana pikipiki nilishaiuza. Nafika Riyadh, miezi mitatu mfululizo mshahara unaingia umepungua riyali 200. Dereva mwenzangu Mpakistani ndiye aliyenifumbua macho: kifungu cha 40 cha sheria ya kazi ya Saudia kinambebesha mwajiri ada za ikama na kibali cha kazi, kuvihuisha, hata faini za kuchelewa. Nikamwonyesha karani wa mishahara kifungu chenyewe kwenye simu, kwa Kiarabu. Akasoma, akakuna kidevu, akanirudishia simu kimya. Mwezi wa nne makato yakakoma. Zile 600 bado nazidai.

Wakala nikiwapigia, jibu ni "hayo ni ya huko, ndugu." Ya huko vipi, na karatasi ya makato nilitia saini mezani kwao?