Darasa la mapishi ya Sikukuu ya Mtakatifu Patrick huko Wicklow: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka nitangulize hukumu yangu: kwa upande wa jiko na ngoma, darasa hili lina thamani ya kila senti tuliyolipa. Kwa upande wa mavazi walituangusha. Wenye darasa siwataji kwa jina kwa sababu ya hilo la mavazi, maana nimeshawaandikia na wamenijibu vizuri.

Sisi tunaishi Dublin. Mimi ni wa Eldoret, baba watoto ni mtu wa Mayo, magharibi kabisa mwa Ayalandi, na watoto wetu wamezaliwa hapa. Mila za upande wangu nawafundisha mwenyewe. Za upande wa baba yao zilikuwa zinanisumbua roho, kwa sababu kila ikifika tarehe 17 Machi wanachokiona ni kofia za kijani za plastiki, nyuso zilizopakwa rangi, na watu wazima wanaoyumba barabarani saa nane mchana. Nilitaka waijue sikukuu ya kwao jinsi inavyoadhimishwa nyumbani, jikoni kwa bibi yao.

Na mimi si mgeni kabisa wa mtakatifu huyu, msimamizi wa Ayalandi. Aliyekulia pande zetu anaijua shule ya St. Patrick's pale Iten, na anamjua Bradha Colm O'Connell, Mwayalandi aliyekuja kufundisha mwaka 1976, akaishia kuwanoa wakimbiaji akiwamo David Rudisha. Jina la Patrick nililisikia kabla sijaweza kuionyesha Ayalandi kwenye ramani. Ndiyo maana nikiona sikukuu yake inageuzwa mchezo wa ulevi huwa naumia kama mtu wa ndani.

Darasa lenyewe ni la kutwa nzima, Jumamosi moja kabla ya sikukuu, katika jiko la shamba huko Wicklow, mkoa ulio kusini mwa Dublin. Mtu mzima yuro 90, mtoto yuro 45. Bei hiyo ni pamoja na chakula cha mchana, mkate wa kubeba nyumbani na mapishi yaliyoandikwa kwenye karatasi. Tulikwenda sisi wote pamoja na mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Nana. Kumbe kuja kwake ndiko kulikoipa siku ile uzito.

Tulianza na mkate wa soda. Unga gramu 450, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, kijiko kimoja cha chumvi, na maziwa ya mtindi kama mililita 400. Basi. Hakuna hamira, hakuna sukari, wala zabibu kavu. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, alitueleza sababu: ngano ya Ayalandi ni laini, haina nguvu ya kuvutika inayotakiwa na mkate wa hamira. Bekingi soda ilipoingia nchini miaka ya 1830, masikini naye akaweza kuoka mkate bila oveni, kwa chungu cha chuma kilichowekwa motoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Mtindi ulikuwapo tayari, kwa sababu kila nyumba yenye ng'ombe ilisukasuka siagi.

Kilichonivutia zaidi ni mkono wake. Alivikunja vidole vikawa kama makucha, vikavu na vilivyoachana, akavizungusha ndani ya bakuli kuanzia katikati kwenda nje. Mizunguko michache tu, donge likawa tayari. Binti yangu alianza kulikanda kama anavyokanda chapati nami jikoni kwetu, mama yule akamshika kiganja taratibu akamwambia aliache donge lipumue, maana mkate huu ukikandwa sana unakuwa mgumu. Kisha akampa kisu akate msalaba mkubwa juu, hadi karibu na chini. Msalaba huo unausaidia moto kufika katikati. Nana akaongeza kwamba kwao Mayo walikuwa wakichoma tundu moja katika kila pembe ili kuwaachia majini watoke, wasije wakaulaani mkate. Hakuna aliyecheka. Watoto walitoboa tundu zao nne kwa makini sana.

Baada ya dakika kama 45 mkate ukatoka. Unaugeuza, unaugonga chini kwa kifundo cha kidole, na ukisikia sauti ya kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Wanaufunga kwenye kitambaa kisafi cha jikoni ili ganda lisikauke. Tuliula ukiwa na moto na siagi yenye chumvi. Kwa hapo tu ningeshawapa nyota zote tano.

Chakula cha mchana kilikuwa bekoni ya kuchemsha na kabichi, na hapa niwapongeze kwa uaminifu wao. Wengi wanadhani mlo wa siku hii ni nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi. Huo ni mlo wa Waayalandi wa Marekani. Nyumbani walikula nguruwe, maana ndiye aliyefugwa nyuma ya nyumba. Walipofika New York walikuta kidari cha ng'ombe kilichotiwa chumvi ndicho rahisi, wakakinunua kwenye bucha za Wayahudi waliokuwa majirani zao. Mwalimu hakuudharau mlo huo hata kidogo. Alisema ni chakula cha watu waliolazimika kuhama, nacho kina haki yake. Siri ya upishi wa hapa ni kwamba kabichi huchemshwa katika maji yaleyale yaliyoivisha nyama, ikanywa chumvi na mafuta, halafu mchuzi mweupe wa maziwa na majani ya kiungo wanayoyaita pasli humwagwa juu ya nyama.

Pembeni kulikuwa na kolkanoni. Ndugu zangu wa Kenya, hii ni mukimo iliyovuka bahari: viazi vya kupondwa, majani ya jamii ileile ya sukuma wiki, vitunguu vya majani vilivyochemshwa kwenye maziwa, na siagi. Unaitengeneza kilima kwenye sahani, unachimba shimo katikati, siagi unaiacha iyeyuke humo, kisha unakula kuanzia pembeni huku ukichovya. Mdogo wa watoto wangu, ambaye mboga za majani huwa ni vita, alimaliza akaomba nyingine.

Wakati tukimenya viazi ndipo mwalimu alipoeleza ile njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Masikini wa nchi hii, hasa wa magharibi, walikuwa wanategemea viazi, tena kwa sehemu kubwa vya aina moja tu. Ukungu ukaingia mashambani, viazi vikaozea ardhini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya hao wakapanda meli. Hesabu ya watu ya 1841 ilipata zaidi ya milioni 8. Ya 1851 ikapata kama milioni 6 na nusu. Na muda wote huo nafaka na mifugo iliendelea kusafirishwa nje ya nchi. Nana alikuwa anamenya kimya. Halafu akasema bibi yake hakuwahi kutupa ganda la kiazi mbele ya wageni, lilipelekwa kwa kuku usiku. Watoto wangu hawakuwa wamelisikia hilo, na baba yao alikiri kwamba hata yeye hakuwa amelisikia. Hapo ndipo niliposhukuru kulipia nafasi ya Nana.

Mchana tukapelekwa ghalani kucheza. Walikuwapo mpiga fidla na mpiga kodiani, na tukafundishwa ngoma ya mistari iitwayo Siege of Ennis. Watu wanne wanawakabili wanne, mnasogea mbele na kurudi nyuma mara mbili, mnapishana kwa ubavu, mnazungushana, kisha mstari mmoja unainua mikono na mwingine unapita chini yake kwenda kukutana na watu wapya. Mpaka ngoma iishe umeshawashika mikono nusu ya waliomo ghalani. Mtu yeyote anaweza, hata asiyejua kuhesabu mapigo. Miguu yangu iliniuma kesho yake na nilifurahi.

Sasa mavazi. Tangazo lao liliahidi «mavazi ya jadi kwa familia nzima». Watu wazima tulipewa sweta za Aran tuvae kwa picha, na sweta zenyewe zilikuwa nzuri kweli: sufu nzito ya rangi ya maziwa, yenye harufu ya mafuta ya kondoo, misuko yake unaweza kuifuata kwa kidole kama kamba. Lakini kijana aliyetuvisha alitusimulia kwamba kila ukoo una mshono wake tangu enzi na enzi, na kwamba mvuvi aliyezama baharini alitambuliwa kwa sweta yake. Hadithi hiyo ni ya madukani. Sweta hizi za mapambo zilianza kufumwa kwenye visiwa vya Aran, kwenye mlango wa ghuba ya Galway, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na wanawake wa visiwani walizifuma kutafuta riziki. Kwangu mimi hiyo ni historia tukufu kuliko ya kubuni: wanawake masikini waliotengeneza kitu kizuri hivyo hadi dunia nzima ikakitaka. Kwa nini usiwasimulie watoto hiyo?

Kilichoniuma zaidi ni walichopewa watoto: kofia ndefu za kijani za nailoni na ndevu nyekundu za bandia. Yaani kilekile nilichokikimbia Dublin. Nana alizivua vichwani mwao bila kusema neno. Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha yenye vijitawi vya shamroki, yale majani madogo ya sehemu tatu ya Mtakatifu Patrick, alivyovichuma kwake asubuhi, na beji mbili za utepe wa kijani, nyeupe na rangi ya chungwa zenye kinubi kidogo cha dhahabu. Akawabandika kifuani. Akawaambia alipokuwa mdogo ndivyo walivyokwenda misani siku hiyo, beji upande wa moyo, na kwamba baada ya misa waliruhusiwa peremende ingawa ilikuwa Kwaresima. Picha niliyoitundika sebuleni ni hiyo, sikuchukua hata moja ya zile za kofia.

Niliwaandikia juzijuzi nikawaeleza yote mawili. Wamejibu kwamba zile kofia wataziondoa na kwamba wanatafuta mfumaji atakayekuja kuzungumza kuhusu sweta. Wakitimiza, sitakuwa na neno. Niliwashauri pia wawaeleze watoto habari ya rangi, kwa sababu binti yangu aliuliza kwa nini kijani na hakuna aliyemjibu. Mwaka 1783 kilipoanzishwa chama cha heshima cha Mtakatifu Patrick, rangi yake ilikuwa buluu. Kijani kilishika nguvu miaka ya 1790 kwa wapigania uhuru waliokivaa wakijua kinaweza kuwagharimu maisha. Mtoto wa miaka tisa anaelewa hilo vizuri sana.

Kwa mnaofikiria kwenda: Weka nafasi mapema, Januari kama unaweza, maana Jumamosi zilizo karibu na sikukuu hujaa. Mkiwa Waislamu, au hamli nguruwe kwa sababu nyingine, waambieni wakati wa kulipa. Familia moja tuliyokuwa nayo ilipikiwa mchuzi wa kondoo na viazi, na ulinukia hadi nikautamani. Asiyeweza ngano hana atakachofanya asubuhi nzima, na hilo tangazo halisemi. Gari ni lazima, basi halifiki. Vaeni viatu visivyoteleza kwa ajili ya ghala. Na kama mna bibi au babu wa Kiayalandi, mlipieni naye aje. Kuna darasa lingine mwanzoni mwa Februari, la Mtakatifu Brigid, ambaye sikukuu yake imekuwa mapumziko ya taifa tangu 2023. Hapo wanafundisha kusuka misalaba kwa nyasi za kinamasi na kuanika kitambaa nje usiku kucha kipate baraka zake. Nana ameshaniambia nyasi ataleta yeye.