Mwaka wa kumuaga John Cena, nilivyoutazama kutoka Wete

Nianze na hukumu, maana wengine hamsomi mpaka chini. Mwaka 2025 wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, ulistahiki pesa niliyoutolea, lakini si kwa sababu ya kile kilichotangazwa sana. Kilichotangazwa ni kuagwa kwa mwanamieleka John Cena. Kilichonifaa mimi, mtu wa Pemba mwenye kazi ya asubuhi, ni kwamba mwaka huo jamaa walikwenda Riyadh, Paris na Perth, na maonyesho hayo niliyatazama macho makavu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mengine makubwa, karibu yote, nimeyatazama nusu nikiwa macho na nusu nikiota.

Njia zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ukumbi wa kuonyeshea mpira huku Limbani, shilingi elfu moja mlangoni, mabenchi ya mbao nyuma na viti vya plastiki mbele kwa waliowahi. Ya pili ni simu ya mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye mwenye akaunti, mimi nikinunua bando. Ukumbini raha ni watu. Kuna kijana hukaa karibu na TV anatafsiri maneno ya watangazaji kwa sauti ya juu, na nusu ya anayosema anayatunga mwenyewe. Siku moja alimpa Paul Heyman, meneja mwenye maneno mengi, maneno ya mganga wa kienyeji, watu wakacheka mpaka hesabu ya tatu, ile inayomaliza pambano, ikapita bila kuonwa. Ubaya wa ukumbi ni kwamba mwenyewe ni mtu wa mpira, na mieleka kwake ni kitu cha kujazia nafasi. Usiku wa manane hafungui, hata umbembeleze vipi. Basi hapo ndipo simu inapoingia, na bando nalo lina tabia ya kukata roho pambano la mwisho linapoanza.

Kwa asiyefuatilia: wanaume wana mikanda miwili mikubwa. Mmoja Cody Rhodes alianza nao mwaka, mwingine alikuwa nao Gunther, yule jamaa wa Austria mwenye makofi ya kifua. Cena, mwenye miaka 48 mwaka ule, alikuja Januari 6, siku Raw, onyesho lao la kila wiki, lilipohamia Netflix, akasema huu ndio mwaka wake wa mwisho ulingoni. Alikuwa na ubingwa wa dunia mara 16, sawa na Ric Flair. Kila mtu akajua wa 17 unatafutwa. Swali lilikuwa utapatikana vipi.

Royal Rumble ya Februari 1, ile ya kutupana nje ya ulingo kwa kuwania nafasi ya kuudai mkanda, njia haikupatikana: wakabaki wawili, Jey Uso akamtoa nje. Ikabaki Elimination Chamber ya Toronto, Machi 1, ambayo mshindi wake angemkabili Cody kwa mkanda, na hii ndiyo niliyoiishi. Kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia Machi 2, mwanzoni mwa Ramadhani. Onyesho lilianza saa tisa usiku, watu ndio wanaamka kula daku. Tumeketi ukumbini kwa kaka, sinia la wali na mchuzi wa pweza katikati, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Bianca Belair anashinda upande wa wanawake, sisi tunateremsha tonge. Kevin Owens na Sami Zayn wanauana kwa viti, shemeji anauliza hawa wawili si walikuwa marafiki? Adhana ikatoka, tukaenda kusali. Tuliporudi Cena alikuwa ameshamaliza kazi, CM Punk amezimia mikononi mwake.

Kisha akatoka The Rock kuja kuchukua jibu la Cody. Alikuwa amemtaka ampe roho yake. Cody akakataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Cena akamkumbatia. Kamera ikawa juu ya uso wa Cena, kidevu kipo begani kwa Cody, macho yanamtazama The Rock. The Rock akapitisha kidole shingoni. Ule uso ukabadilika. Si kwa kukunja ndita. Ulikufa tu, ukawa uso wa mtu asiyekujua. Kisha teke la chini ya mkanda, kisha ngumi, na Cody anavuja damu. Mtoto wa kaka, ambaye ana fulana ya kijani ya Cena ya mtumba tangu darasa la tatu, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyefanya: "Ami, Cena kaharibika!"

Miaka zaidi ya 20 tumemjua steringi. Kofia, kaptura, kitambaa kilichoandikwa usikate tamaa, mkono mbele ya uso. Skuli za Wete zote zina mtoto anayejua ule mkono, hata asiyewahi kuona TV yake. Sasa steringi kawa adui, alfajiri ya Ramadhani. Mada ile ilikaa barazani mpaka kumi la pili.

Na hapo ndipo malalamiko yangu makubwa yanapoanza. Walikuwa na kitu cha dhahabu mkononi wakakitia mchangani. WrestleMania 41, onyesho lao kubwa kuliko yote, Las Vegas, Aprili 19 na 20: kwetu saa nane usiku, siku mbili mfululizo. Nimekaa. Pambano la mwisho la usiku wa pili, Cena na Cody, lilikwenda kama gari inayopanda mlima kwa gia namba moja. The Rock aliyeanzisha fitina hakutokea kabisa, wala hakuna aliyetueleza kwa nini. Akaja mwanamuziki Travis Scott kuingilia, Cena akapiga tena chini ya mkanda, akampiga Cody na dhahabu yenyewe, hesabu ya tatu. Ubingwa wa 17, rekodi ya Flair imevunjwa, na mimi nimekaa na simu ya moto kiganjani najiuliza ndiyo hii? Tangu siku ile ya kumpokonya JBL mkanda mwaka 2005 sijapata kumwona Cena akishinda kitu kikubwa kwa pambano dogo namna hii.

Kilichonituliza ni kwamba usiku uleule ulifunguliwa na Iyo Sky, Rhea Ripley na Bianca Belair. Wote watatu hawakukosea hatua. Sky akaruka kinyumenyume kutoka juu ya kamba, akatoka na mkanda wake. Hao ndio walionipa haki ya pesa yangu Aprili ile, na nasema mbele ya wazee wa barazani wanaodai mieleka ya wanawake ni ya kupishia maji. Julai 13 kule Atlanta wakaandaliwa onyesho lao peke yao, Evolution, Sky na Ripley wakarudiana, na Naomi akaingia na mkoba wake pambano likiwa katikati akawazidi ujanja wote wawili. Mkoba ule, kwa wageni, ni hati ya kudai pambano la mkanda saa yoyote mwenyewe apendapo. Unamkuta bingwa hoi, unamaliza.

Miezi ya Cena adui siielezi sana kwa sababu haikuwa na mengi. Alimpiga Randy Orton nyumbani kwake St. Louis. Akampiga R-Truth, ambaye kichekesho chake ni kudai Cena ndiye shujaa wake wa utotoni ilhali amemzidi Cena miaka mitano. Juni 28 Riyadh akampiga Punk kwa msaada wa Seth Rollins. Lakini Riyadh! Saa zao ndizo saa zetu. Saa mbili usiku, watu wameshakula, ukumbi umejaa, na mwenye ukumbi mwenyewe anakaa kutazama kwa mara ya kwanza. Pambano la wastani lililotazamwa na watu mia ukumbini lilinipa raha kuliko lile la Las Vegas.

SummerSlam, Agosti 2 na 3, New Jersey, ndiyo ilikuwa dawa. Usiku wa kwanza Punk anamnyang'anya Gunther mkanda, analia, na mara muziki wa Rollins unapigwa. Rollins alikuwa ameumia goti wiki kadhaa, anatembelea magongo. Kafika mbele ya ulingo, akatupa magongo, akakimbia na mkoba. Niliposimulia kesho yake dukani, muuza duka akasema huyo ni tapeli wa sadaka. Usiku wa pili Cena, aliyerudi kuwa mwema siku mbili kabla bila maelezo ya kutosha, akapigana na Cody pambano lililostahiki kuwa la WrestleMania: meza, ngazi, viti, kila mmoja akinyanyuka pale ulipodhani basi. Cody akashinda kwa haki, Cena akamkabidhi mkanda kwa mkono wake. Yaani lile lililofanywa Aprili lingefanywa hivi, mwaka wote ungekaa sawa.

Paris ilikuwa Agosti 31, Jumapili. Jioni ile Liverpool wamewafunga Arsenal 1-0 kwa frikiki ya Szoboszlai, ukumbi umejaa pomoni, mashabiki wa Arsenal wamefura. Kawaida wangeondoka. Mwenye ukumbi, kwa kuona pesa, akageuza chaneli, na watu waliobaki walikuwa wengi kwa hasira tu. Walitaka kuona mtu akipigwa. Wakamkuta Cena na Logan Paul. Wakapata walichotaka, maana Logan Paul alipigwa vizuri. Wapo watu wa mpira waliokuwa wakirudi kuulizia mieleka baada ya siku hiyo.

Septemba 20 Brock Lesnar alimpiga Cena Indianapolis, pambano halikufika dakika 10, sina la kusema. Ila Oktoba 11, Perth, ndiyo nitakayoikumbuka. Saa tisa alasiri kwetu, Jumamosi, ligi ya Uingereza imesimama kwa ajili ya timu za taifa, kwa hiyo ukumbi ulikuwa hauna kazi nyingine. Cena na AJ Styles. Wazee wawili wanaojuana, hakuna mkanda mezani. Wakaanza kutumia mapigo ya watu wengine: ya Undertaker, ya Bray Wyatt marehemu, ya kina Orton. Kila pigo lilipotoka, yule kijana wa tafsiri alikuwa akitaja jina la mwenyewe, na benchi la nyuma linaitikia. Waliozoea miaka ya kanda za kukodi walikuwa wanawataja hata kabla yake.

Mtu mmoja siku ile alisimama mlangoni akasema: "Nyinyi watu wazima, yale si maigizo?" Nikamwuliza kama amewahi kwenda kwenye mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe hauawi, mshindi hatangazwi, na mashamba yote yanahamia pale, kwa sababu watu wanakwenda kumtazama mchezaji anavyojitia hatarini na kutoka. Akaingia. Elfu moja akalipa.

Mwanzoni mwa Novemba nchini hakukuwa na intaneti, hivyo Punk alipomshinda Jey Uso na kuchukua mkanda ulioachwa wazi na Rollins aliyeumia bega, sisi tulipata habari siku kadhaa baadaye, kavu, kama salamu za barua. Novemba 10 Cena akapata nyumbani kwao, upande wa Boston, mkanda wa Intercontinental, ulio chini ya ile miwili mikubwa, ambao katika maisha yake yote hakuwahi kuushika. Dominik Mysterio akaurudisha Novemba 29. Mapema mno kwa maoni yangu. Mtu anaondoka wiki mbili zijazo, muache nao hata siku hizo.

Na tarehe yenyewe, Desemba 13, Washington. Kwetu saa kumi alfajiri ya tarehe 14. Mpinzani ni Gunther. Akamkaba kabali, Cena akatoka, akakabwa tena, akatoka tena, mara ya mwisho uso ukawa mwekundu, kisha, jambo la ajabu, akatabasamu. Akagonga, yaani akasalimu amri. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 hatukumwona akigonga, na kitambaa chake kimeandikwa usikate tamaa. Watazamaji wa pale wakazomea, na hata Triple H, mpangaji wa maonyesho, alipotokea wakamzomea. Mtoto wa kaka alizima simu kwa hasira kabla Cena hajaweka viatu na vitambaa vya mikono katikati ya ulingo. Ilinibidi niwashe tena mwenyewe.

Tumebishana sana. Yeye anasema wamemdhalilisha. Mimi naona lilikuwa jambo sahihi kabisa: anayeondoka humwachia kitu anayebaki, na Gunther sasa ana la kujivunia maisha. Lile tabasamu lilinitosha. Kilichonikera ni Las Vegas, na bado kinanikera.

Kwa anayetaka kujaribu akiwa visiwani: usinunue bando la usiku kwa kila onyesho, utajifilisi na kazini watakuona unasinzia. Ya Marekani yatazame marudio mchana, ila zima simu asubuhi maana wanao watakwambia matokeo kabla hujapiga mswaki. Ya Ulaya, Arabuni na Australia kaa na watu. Kutoka mwaka ule, ukiwa na nafasi ya kutazama matatu tu, tazama lile la wanawake la WrestleMania, Cena na Cody la SummerSlam, na Cena na Styles. Royal Rumble ya 2026 ilipangwa Riyadh, Januari 31, Jumamosi. Nilimwambia mwenye ukumbi asiahidi mtu mpira usiku ule, naye akaniambia nilete watu hamsini kwanza. Nilikuwa nao thelathini na kitu.