Hua Hin: hela ya samaki nimelipa, ila feni mlinizimia kwa nini?

Nianze na feni. Hela ilishatoka na ninajitahidi kuisahau, lakini ile feni bado ninayo moyoni.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu, kwenye mgahawa mmoja wa samaki pale soko la usiku la Hua Hin, mji wa pwani Thailand, kwenye ule mtaa unaotoka barabara kubwa ya Phetkasem kuelekea relini. Joto la jioni kule ni la Dar mwezi wa pili, nguo inagandana na mgongo na jasho halikauki. Juu yetu kuna feni ya ukutani, inatupuliza, tunashukuru Mungu. Ikaletwa bili. Nikauliza swali moja. Yule kijana aliyekuwa akituhudumia hakunijibu. Alinyoosha mkono, akaizima feni. Ya kwetu peke yake! Za meza nyingine zinazunguka kama kawaida, watu wanaendelea kula, sisi tumeachwa tunatokota kama vile tumekuja kuomba.

Ngoja nieleze tulifikaje hapo.

Sisi wa Kariakoo tunaofuata nguo Bangkok wengi wetu tunaijua Pratunam tu, soko lao la nguo za jumla. Unatoka hotelini, unaingia ghorofani, unachagua, unapatana kwa kalkuleta, unapeleka kwa wakala wa mzigo, unapimiwa kilo, unalipa, unarudi nyumbani. Ukitaka chakula cha halali na cha kushiba unakwenda Nana, ule mtaa wa Waarabu kule Sukhumvit. Safari hii mzigo ulikamilika mapema tukabakiwa na siku kama tatu. Mdogo wangu akasema, "Dada, kila mwaka unakuja huku na hujawahi kuiona bahari yao." Pattaya sikuitaka, kule naambiwa ni kelele usiku kucha. Tukapanda kipanya, kama kilomita 200 hivi kushuka kusini, tukafika Hua Hin.

Mji wenyewe mzuri, sitausingizia. Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi, baadaye reli ikafika, wafalme wakapapenda, na miaka ya 1920 wakajenga kasri ambalo jina lake, Klai Kangwon, maana yake ni mbali na wasiwasi. Ufukweni kuna farasi wa kupanda kwa malipo, mchanga mweupe, familia za Kithai zimetandika mikeka zinakula. Mtu wa pwani ukifika pale unajisikia kwenu. Ndiyo maana nilikaa kwenye ile meza bila kujihami hata kidogo. Pratunam naingia nikiwa macho, mkoba nimeukumbatia. Hua Hin niliulegeza moyo.

Sasa menyu. Ina picha, ina bei kwa baht, hela ya kule. Wali wa kukaanga 60. Pad thai 70. Samaki mzima wa kuvukishwa kwa ndimu, 80. Kamba wa kuchoma, 120. Pembeni ya 80 na 120 kuna kineno kidogo cha Kithai, herufi ambazo hatuzisomi. Mdogo wangu si mtu wa kukurupuka. Akaweka kidole kwenye picha ya samaki, akakivuta kuanzia kichwani hadi mkiani, akauliza kwa Kiingereza: huyu mzima? Kijana akaitikia kwa kichwa. Mzima. Tukaagiza samaki, kamba, wali mweupe sahani mbili na madafu mawili.

Na samaki alikuja kweli. Hapa nasema haki ya Mungu: ni katika samaki watamu niliowahi kula maishani. Wanamwita pla kapong, ndugu kabisa wa sangara wetu wa ziwa Victoria, ila nyama yake laini zaidi na haina shombo. Analetwa kwenye sinia la bati lenye umbo la samaki, chini yake moto unawaka, mchuzi unachemka taratibu mbele yako: ndimu, kitunguu saumu kilichokatwakatwa, pilipili za kijani, kotmiri. Uchachu unakupanda hadi masikioni. Tulikula kimya. Mdogo wangu alikuwa anateka mchuzi kwa kijiko anamwagia wali, anafumba macho.

Bili: 1,480.

Kwa bei tuliyobadilishia safari ile, karibu shilingi 75 kwa baht moja, hiyo ni shilingi 111,000. Mimi kichwani nilikuwa na baht 360. Nikadhani wamekosea meza. Nikauliza kwa upole kabisa, huyu samaki ameandikwa 960, amefikaje? Kijana akachukua kalkuleta, akabonyeza 80, akazidisha kwa 12, akanigeuzia. Nikamwambia, sawa, hiyo 12 ni nini? Akasema uzito. Nikamuuliza: ulimpimia wapi?

Hapo ndipo feni ilipozimwa.

Jamani, mimi ni mtu wa mizani. Mzigo wangu wote maisha yangu unapita kwenye mizani. Wakala wa Pratunam, hata kama tunafahamiana miaka, hapandishi robota juu bila kuniita nisome mwenyewe. Si kwamba hatuaminiani. Ndiyo heshima ya biashara. Nikiambiwa kilo 12 nimeziona 12, nalipa na hatusemezani tena. Sasa wewe samaki umemtoa jikoni ameshaiva, hukunionyesha akiwa mbichi, hukusema neno uzito, na tulipokuuliza kama ni mzima uliitikia kwa kichwa. Halafu mifupa ikishabaki ndiyo unaniambia uzito wake ulikuwa 12? Nitabishanaje na mifupa?

Sikupiga kelele. Nawajua watu wa kule, ukipandisha sauti mbele za watu umejivunjia heshima wewe na umemvunjia aliye mbele yako, na baada ya hapo hakuna mazungumzo. Nilijizuia mpaka koo likaniuma. Nikasema tu naomba kuongea na mkubwa wako. Akaja mama mmoja, akasimama pembeni yake, wote wawili wakatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Laiti angenifokea! Yule kijana akagonga kalkuleta kwa ukucha, tap, tap, tap, juu ya 1,480, akasema umekula, ulipe. Huku jasho linanitiririka usoni na watu wa meza ya pili wanatutazama kama tunataka kukimbia bila kulipa. Watu weusi wawili, unajua mwenyewe wanachofikiria.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, lipa tuondoke. Tafadhali." Nikalipa. Baadaye nikaambiwa kuna polisi wa watalii, namba 1155, wanasikiliza kwa Kiingereza. Laiti ningeijua usiku ule. Iandikeni kwenye simu kabla hamjatoka uwanja wa ndege.

Usiku ule nilikuwa nimeshaandika kichwani: msiende Hua Hin, msile Hua Hin, mji mzima ni wezi. Asubuhi niliapa nitakula mkate wa dukani mpaka siku ya kuondoka.

Mdogo wangu akanivuta tukatembee soko la Chatchai, angalau tuone. Pembeni kidogo ya soko, kwenye kichochoro, nikamwona mama mtu mzima, amevaa mtandio, ana kigari chake chenye kioo, na kwenye kioo ile alama ya kijani ya halali yenye umbo la almasi. Ndani wali wa manjano umefunikwa, moshi unatoka. Nikasema assalaam alaykum. Akageuka kwa mshangao, akaitikia yote, mpaka na barakatuh. Akaniuliza kin khao rue yang, ambayo neno kwa neno ni kuulizwa kama umeshakula wali, nao hutumia kama salamu. Mimi nikamjibu kama swali: bado. Akacheka, akavuta vigoda viwili vya plastiki akavipangusa kwa kanga yake.

Chakula kile kinaitwa khao mok kai. Ni jamaa wa biriani yetu. Wali umeivia pamoja na kuku ndani ya manjano na viungo, paja zima juu, vitunguu vya kukaanga vikavu vinavyovunjika mdomoni, tango, na kibakuli cha mchuzi wa kijani wa nanaa na pilipili, mtamu na mchachu kwa pamoja. Baht 50. Imeandikwa kubwa, kwa tarakimu ninazozisoma, na ndiyo niliyolipa. Wenzangu Waislamu mkifika huko jifunzeni maneno mawili, ahan itsalam, chakula cha Kiislamu. Ukiuliza hivyo hata asiye Mwislamu anakunyooshea kidole sehemu yenyewe. Nikamwonyesha kwa ishara kama naweza kula kwa mkono. Akaniletea maji ya kunawa. Kumbe yeye katokea kusini, upande wa Pattani, na kwao wanakula hivyohivyo. Nusura nilie, na sina aibu kusema. Jana yake nilikuwa nimefanywa mwizi.

Kwa hasira ya usiku nilikuwa nimeipiga picha ile menyu. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kile kineno kidogo: khit. Akachukua kalkuleta, akaandika 100, akasema gramu. Kisha akanyoosha vidole vyote kumi: kilo. Kumbe kule samaki anauzwa kwa khit, gramu mia mia, na kila Mthai analijua hilo tangu mtoto.

Kwa hiyo waliandika. Lazima niwe mkweli hapo. Bei haikufichwa, ila iliandikwa kwa lugha ya watu wao huku menyu nyingine yote ikiwa na Kiingereza. Nimelizungusha hili jambo kichwani siku nyingi. Kuna saa nasema kosa langu, ningeuliza zaidi. Halafu nakumbuka kidole cha mdogo wangu kikitoka kichwani hadi mkiani na kile kichwa kikiitikia, nawaka upya.

Yule mama akanifundisha neno la pili: chang kon. Pima kwanza. Akanirudishia mara tatu mpaka nikalitamka sawasawa.

Jioni hiyo tukalijaribu, mgahawa mwingine, mtaa uleule. Samaki wamelala juu ya barafu. Nikasema chang kon, binti akamnyanyua wa kwanza, akamweka kwenye mizani, akaigeuza tuisome: khit 9. Mara 45, baht 405. Nikasema sawa, akapelekwa jikoni. Alikuwa mtamu vilevile, feni ilizunguka mpaka tunainuka, na binti alituletea barafu ya ziada kwenye vikombe bila kuombwa. Hivyo si mji mzima. Naifuta ile kauli. Nendeni Hua Hin, ni pazuri, na kwa mtu wa hali ya kawaida unakula ukashiba kwa hela ya mgahawa wa kawaida tu Dar, hasa kwenye vigari vya asubuhi na vibanda ambavyo Wathai wenyewe wamekaa na watoto wao. Sehemu yenye mtu anayekuvuta mkono mlangoni, pita.

Usiku wa mwisho njia yetu ilipita palepale. Mdogo wangu alitaka tuvuke upande wa pili, mimi nikakataa. Yule kijana alikuwa amesimama mlangoni na menyu yake. Akanitabasamia, akanikaribisha kama mgeni mpya: samaki wabichi, bei nzuri, karibu. Hakunikumbuka. Siku mbili tu, hakunikumbuka hata sura.

Nikafungua menyu, nikaweka kidole kwenye samaki, nikasema, "Khit?" Uso ukambadilika kidogo. Nikasema, "Chang kon."

Akainama, akavuta mizani kutoka chini ya meza ya barafu. Ilikuwepo. Hatua mbili kutoka pale tulipokuwa tumekaa. Kwenye meza yetu ya siku ile walikuwepo wazee wawili wa Kizungu, na feni inawapuliza.

Nikairudisha menyu mikononi mwake, nikamshika mdogo wangu mkono, tukaenda kula roti ya ndizi.