Uzoefu wangu: miezi kumi ya kumuuguza mbwa wangu Kamanda, na daktari aliyeniandikisha daftari

Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyokosekana inahusu simu ya usiku, nitaifikia. Huduma yenyewe ni ya kliniki ya mifugo yenye daktari wa saratani pamoja na timu ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, inayokuja hadi nyumbani. Jina silitaji, maana sikuja kumpigia mtu debe wala kumchafua. Nataka tu mwenye mbwa anayeumwa ajue cha kuuliza akiwa mbele ya daktari, kwa sababu mimi sikujua.

Kamanda alikuwa na miaka minane. Mbwa mkubwa, sauti ya kutisha, mwoga kama kunguru. Jioni moja namfuta mate, vidole vikakutana na vivimbe viwili chini ya taya, kulia na kushoto, vigumu kidogo, kila kimoja kama yai dogo. Mitoki. Nilipoibonyeza hakushtuka. Alikuwa anakula vizuri, anabweka vizuri, kwa hiyo sikuhofu sana.

Kliniki ya kwanza niliyompeleka, ambayo siyo hii, waliniambia ni maambukizi ya koo. Wakanipa antibiotiki na vidonge vya prednisoloni. Siku ya tatu mitoki imenywea, nami nikawapigia simu kuwashukuru. Wiki ya tatu ikarudi, na safari hii nikaikuta hata mbele ya mabega na nyuma ya magoti.

Hapo ndipo kinyongo changu kilipo mpaka leo. Prednisoloni ni steroidi, na steroidi huzinywesha kwa muda chembe za limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu inayovimbisha mitoki. Mbwa akiipewa kabla ya ugonjwa kujulikana, majibu ya kipimo yanaweza kuvurugika, na saratani inaweza kupata usugu hata kwa dawa zitakazofuata. Kipimo chenyewe wala si cha kutisha: wanachoma tezi kwa sindano nyembamba, wanavuta chembe kidogo, wanazipaka kwenye kioo na kuzitazama kwa hadubini. Hakuna nusukaputi. Kamanda alikuwa akimlamba muuguzi mkono muda wote. Laiti ningejua, ningesema sindano kwanza, vidonge baadaye.

Majibu yakaja: limfoma, ya chembe B, aina mojawapo ya hizo chembe nyeupe.

Daktari ni mama wa makamo. Alivuta mkeka akaketi chini, Kamanda akamwekea kichwa mapajani, ndipo akaanza kunieleza. Bila tiba yoyote, mbwa wengi huishi wiki nne hadi sita. Kwa prednisoloni peke yake, mwezi mmoja au miwili, pengine kidogo zaidi. Kwa kemotherapi, mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa CHOP, mbwa kama 8 au 9 kati ya 10 wenye limfoma ya chembe B mitoki yao hupotea, ila ugonjwa karibu kila mara hurudi. Nusu yao hufikisha kama mwaka mmoja, nusu hawafikishi.

"Mama Kamanda," akasema, "huo mwaka usije ukauweka kwenye kalenda. Hapo ni katikati ya kundi tu. Huyu wako anaweza kuwa upande wowote."

Nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mtu humuuliza: angekuwa wako, Daktari, ungefanyaje? Alifikiri kidogo. "Ningemtibu. Lakini mimi dawa ziko hapa kazini, na nikiamka amezidiwa nambeba nakuja naye. Wewe nyumbani anabaki na nani mchana? Gari anaipenda? Akiguswa miguu anakubali?" Nilitegemea maswali juu ya pesa. Alitaka kujua siku ya Kamanda inavyokwenda tangu asubuhi.

Hakuniruhusu kutia saini siku ile. Alinipa siku mbili, akaniambia zisifike wiki mbili. Na akanituma kazi: ninunue daftari, na wakati Kamanda bado ana nguvu niandike mambo matatu yanayomfanya awe Kamanda. Nikaona mambo ya kitoto haya. Niliandika hivi: kila jioni hubeba kiatu cha kushoto cha mume wangu hadi mlangoni (cha kulia hakujali hata siku moja); hubwekea radi kisha hujificha; hulala kizingitini mwa jikoni mpaka watu wamruke. "Mawili yakiisha," daktari akasema, "nipigie. Hata kama anakula."

Nyumbani hatukuelewana. Mume wangu alisema jambo moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Mbwa hajui kwamba anatibiwa. Anachojua ni kwamba anachomwa." Mama yangu naye alitikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa kwa mama kunajulikana. Tulichokubaliana ni kujaribu mzunguko mmoja kisha tutazame. Kliniki walikubali bila kununa, na hilo ninawasifu, kwa kuwa nilidhani kemotherapi ukishaianza huna ruhusa ya kushuka njiani. Unayo.

Mpango wote ulikuwa wiki 19, mizunguko minne, dozi 16. Wiki ya kwanza vinkristini, ya pili siklofosfamidi, ya tatu vinkristini tena, ya nne doksorubisini, ya tano kupumzika, kisha upya. Prednisoloni ya kila siku ilipunguzwa taratibu mpaka ikaachwa mwezi wa kwanza. (Vinkristini, kumbe, inatokana na ua la vinka, lile la waridi lenye asili ya Madagaska ambalo watu hupanda kwa urembo.) Kabla ya kila dozi walipima damu, na mara mbili walituambia turudi nyumbani kwa sababu chembe nyeupe, zinazopigana na maambukizi, zilikuwa chini. Mara ya kwanza nilikasirika, nimeomba ruhusa kazini bure. Sasa naona wale waliokataa kumchoma ndio walikuwa wanafanya kazi.

Doksorubisini ndiyo iliyonitia hofu. Ni nyekundu, nyekundu kweli, na inaingia polepole kwenye mshipa kama dakika ishirini, muuguzi haondoi macho pale. Ikivuja nje ya mshipa inaweza kuozesha nyama. Inaweza pia kuudhoofisha moyo, kwa hiyo walimpima moyo kabla ya kuianza. Siku hizo nilikaa nimeshika mguu wake wa mbele, naangalia ule wekundu ukisogea kwenye mrija, sithubutu hata kukohoa.

Watu huniuliza kama aliteseka. Kusema kweli, chini ya nilivyotarajia. Kipimo cha dawa kwa mbwa huwa kidogo kuliko cha binadamu, maana lengo ni siku njema, hawalazimishi kuufuta ugonjwa kwa gharama yoyote. Manyoya hayakutoka, alipoteza sharubu tu, akawa na uso kama wa mzee aliyenyolewa kwa nguvu. Wenzake wa aina ya poodle, ambao manyoya yao hayaachi kukua, hunyonyoka zaidi. Alitapika siku mbili, akaharisha mara moja. Siku za siklofosfamidi nilimtoa nje kukojoa kila baada ya saa mbili hivi, kwani dawa hiyo ikikaa kibofuni inakichubua.

Lalamiko dogo: habari ya glovu waliniambia dozi ya tatu. Mkojo, mavi na matapishi ya siku mbili tatu baada ya dozi huwa na mabaki ya dawa, hayaguswi mikono mitupu, na mjamzito asiyasogelee kabisa. Nilikuwa nimeshadeki sakafu mara ngapi kwa mikono yangu. Hilo ni la kusemwa siku ya kwanza, tena liandikwe.

Lalamiko kubwa sasa. Waliniambia: kati ya siku ya tano na ya kumi baada ya dozi, chembe nyeupe hushuka, homa ikizidi 39.5 usisubiri asubuhi, piga saa yoyote. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39.2, hivyo kumgusa masikio hakusaidii, unahitaji kipimajoto, na ndiyo, kinaingia huko nyuma. Siku ya nane baada ya doksorubisini ya kwanza Kamanda hakuja kupokea kiatu. Nikapima: 40.1. Saa nane usiku. Nilipiga ile namba mara sita, ikaita mpaka ikakata. Ya saba akapokea kijana aliyesema yeye ni mlinzi. Tulimpeleka kwingine kulikokuwa wazi, wakamtundikia dripu na antibiotiki za mshipani, akalazwa usiku mbili, akapona. Asubuhi daktari wetu alinipigia mwenyewe akaomba radhi, na dozi iliyofuata akaipunguza. Radhi niliipokea. Nyota sikuirudisha.

Baada ya hapo mambo yalitulia mno hata sina la kusimulia. Mitoki ilipotea, wiki 19 zikaisha, na karibu miezi minne iliyofuata alikuwa mbwa mzima, mnene kidogo, mwizi wa viatu. Mume wangu hakusema tena habari za kuchomwa.

Kisha nikamfuta mate jioni moja.

Kulikuwa na njia ya kuanza duru nyingine ya dawa. Daktari alisema wazi kwamba mara ya pili uwezekano wa kuitikia hupungua, na nafuu ikija huwa fupi zaidi. Hakunisukuma. Mimi nilitaka, nakiri. Nilitaka kwa sababu kuacha kulionekana kama kumsaliti, na kuendelea kulikuwa na ratiba, na ratiba humpa mtu cha kushika. Kilichoniamulia ni safari ya kwenda kupima: Kamanda, aliyekuwa akiruka ndani ya gari, aliketi kando ya tairi akatazama upande mwingine. Tukachagua prednisoloni na tiba shufaa. (Hapa walinionya nisije nikamwongezea dawa nyingine ya maumivu kutoka kabati la nyumbani. Ibuprofeni ni sumu kwa mbwa hata peke yake, na steroidi ikichanganywa na dawa za jamii hiyo, tumbo linaweza kutoboka.)

Timu ya nyumbani ilikuja kila wiki. Walitumia ile mizani ya ubora wa maisha iliyotungwa na Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila kipengele sifuri hadi kumi, na jumla ikizidi 35 huhesabiwa kwamba bado anastahimili. Mizani nzuri, lakini ukiijaza peke yako utajidanganya. Muuguzi alitugawia karatasi mbili, mimi jikoni, mume wangu sebuleni. Mimi nilipata 44. Yeye 31. Mbwa yuleyule, asubuhi ileile.

Tulipozilinganisha tukaona kosa langu. Njaa nilimpa kumi. Alikuwa anamaliza bakuli na kulilamba, ningempa ngapi? Muuguzi akaniambia taratibu: "Mama Kamanda, ile ni njaa ya prednisoloni." Steroidi humfanya mbwa ale na anywe hata mwili ukiwa umechoka. Mimi nilikuwa nimeshikilia bakuli tupu kama cheti cha uzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini daktari alisema "hata kama anakula", miezi tisa nyuma. Nikafungua daftari. Radi ilikuwa imepiga wiki iliyopita hakuinua sikio. Kizingitini hakulala tena, alilala pale alipochokea. Kiatu alikuwa bado anakibeba, ila anakiacha katikati ya ukumbi.

Nikapiga simu.

Walikuja keshokutwa yake, saa kumi jioni, saa tuliyochagua sisi. Malipo na mahali pa kumzika tulikwishayamaliza siku moja kabla, kwa ushauri wao, na ninawashukuru kwa hilo kuliko kwa dawa zote, kwa sababu siku ile hakuna aliyeleta karatasi. Waliniambia mapema nitakachoona: sindano ya kwanza ni ya usingizi tu, ya pili ndiyo ya mwisho, macho hayafumbi, anaweza kuvuta pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama, na huko si kurudi. Alivuta moja. Bila kuambiwa ningepiga kelele.

Nani asitumie huduma hii? Kama unakaa mbali na huna mtu wa kubaki na mbwa mchana, hizo dozi 16 zitakuwa mzigo, na prednisoloni pamoja na timu ya nyumbani tangu mwanzo si uamuzi wa aibu. Pia kama mbwa wako ni wa jamii ya collie, waambie wampime kwanza kinasaba (jeni) kiitwacho MDR1, maana baadhi yao hawahimili vinkristini na doksorubisini kwa kipimo cha kawaida.

Ukaguzi huu niliuandika kwanza kwa nyota tatu. Wiki iliyopita, saa tisa usiku, usingizi umenikataa, niliipiga ile namba ya dharura kuwajaribu. Ikapokewa mlio wa pili, na sauti ya mwanamke, macho kabisa, ikauliza mbwa ana joto gani. Nikamwomba radhi kwa usumbufu, nikakata, nikaongeza moja.