Jumanne ulipita wapi? Timeline ya Google Maps na Significant Locations ya iPhone

Kwa anayetaka jibu kamili, Timeline, yaani kumbukumbu ya ulikopita ndani ya Google Maps, inashinda. Fungua Google Maps, gusa picha yako ya wasifu, ingia Timeline, chagua tarehe. Utaona njia uliyopita, uliposimama na saa zake, na pia kama ulitembea kwa miguu au ulipanda gari. Hilo la mwisho ni makisio tu. Daladala iliyokwama kwenye foleni inaweza kuhesabiwa kuwa mtembea kwa miguu.

Sharti ni uwe umeiwasha mapema. Ukiiwasha leo, ya jana hutayapata. Halafu tangu 2024 Google imekuwa ikihamishia kumbukumbu hizi kwenye simu yenyewe, kwa hiyo simu ikipotea na hukuweka nakala rudufu, nazo zimekwenda.

Significant Locations, yaani kumbukumbu ya iPhone ya sehemu muhimu unazokwenda, imejificha ndani kabisa ya mipangilio ya faragha, kwenye huduma za mfumo. Data yake imesimbwa (imefichwa kwa msimbo) kiasi kwamba hata Apple haiwezi kuisoma. Lakini inakuonyesha kidogo mno, wala haikuchorei njia ya siku nzima. Mimi ningetumia iPhone, ningeweka Google Maps humo humo, kisha nipange kumbukumbu zijifute kila baada ya miezi 3.