Mabuti ya Ngozi ya Kupandia Mlima: Lipi Linunuliwe Kwanza, Lipi Liachwe Mezani kwa Muuzaji

Mtu anayetafuta mabuti ya ngozi ya kupandia mlima mjini Moshi, Arusha au Nairobi hukutana na aina tano hivi, kuanzia yale yanayoletwa na ndugu kutoka Ujerumani hadi yale yanayoning'inizwa kwa kamba zake kwenye vibanda vya stendi. Mwongozo huu unayapanga kwa kipimo kimoja ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa: soli ikiisha, je, fundi ataweza kuweka nyingine? Ngozi nzuri iliyotunzwa huishi miaka mingi kuliko mpira ulio chini yake, na kokoto za volkano za Kilimanjaro huula mpira upesi. Kwa hiyo buti lisilobadilishwa soli humlazimisha mwenyewe kutupa ngozi ambayo bado ni nzima.

Maneno haya yanawahusu waongoza wageni, wapagazi, na watu wanaopanda Meru, Mlima Kenya au Kilimanjaro mara kwa mara. Anayekwenda mara moja tu katika maisha yake hana sababu ya kununua buti zito la ngozi. Akodi Moshi mjini, mahali ambapo maduka ya kukodisha vifaa vya mlimani ni mengi, mradi asiende kuchagua jioni ya kuamkia safari, wakati namba nzuri zimekwisha kuchukuliwa.

Tuanze na ngozi. Ngozi ya ng'ombe ni nene mno kwa kiatu, hivyo kiwandani huchanwa kwa mashine na kuwa matabaka. Tabaka la juu, lile lililokuwa na manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizosukana na kushikana sana, na ndilo linalozuia maji. Tabaka la chini ni legelege. Mara nyingi hupakwa plastiki yenye rangi na kuchapwa michoro ili lifanane na la juu. Buti la asili la mlimani hutengenezwa kwa tabaka la juu lenye unene wa milimita 2.5 hadi 3, tena kwa kipande kimoja kinachozunguka mguu na kuungwa mahali pachache, kwa maana kila mshono ni njia ya maji na ni uzi unaongoja kukatwa na jiwe. Nubaki ni tabaka hilohilo la juu lililosuguliwa kidogo likawa laini kama mahameli, nayo haina ubaya wowote. Swedi nyingi hutoka tabaka la chini, na inafaa zaidi kwa viatu vya matembezi mepesi.

Ili kutofautisha, bonyeza ngozi kwa kidole gumba karibu na mahali vidole vinapokunjikia. Ngozi ya kweli hutoa mikunjo midogo mingi inayotawanyika na kutoweka ukiachia. Ile iliyopakwa plastiki hutoa mstari mmoja mkali, wakati mwingine mweupe. Kisha tazama ukingo uliokatwa, hasa kwenye ulimi wa kiatu: ukiona utando mwembamba wa rangi umelala juu ya kitu kinachofanana na pamba iliyogandamizwa, mrudishie muuzaji mali yake.

Soli ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi, na ndiyo inayosahaulika. Ipo iliyoshonwa na ipo iliyogundishwa. Katika ushonaji unaoitwa wa Kinorwe, ngozi ya juu hugeuzwa nje na kushonwa kwa mistari miwili unayoweza kuiona ikizunguka buti lote; katika ule wa Goodyear, ukanda mwembamba wa ngozi hushonwa kwenye buti, halafu soli hushonwa kwenye ukanda huo. Aina zote mbili zinamwezesha fundi kukata uzi, kutoa soli iliyokwisha na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu. Katika mabuti ya kisasa soli hushikwa kwa gundi peke yake, na kati ya soli na mguu huwekwa tabaka laini la poliuritani, aina ya plastiki, linalopunguza mshindo wa kila hatua.

Poliuritani hiyo ni raha kutembelea, lakini ina tabia ambayo kila mnunuzi wa mitumba anapaswa kuijua. Unyevu wa hewani huivunja polepole kutoka ndani, hata kama buti halivaliwi, na kwa kawaida huanza kuoza kati ya miaka 5 na 10 tangu itengenezwe. Ajabu ni kwamba buti lililokaa kabatini huoza mapema kuliko linalovaliwa mara kwa mara. Mzee wa Ulaya ananunua mabuti mazuri, anayavaa mara chache, anayahifadhi miaka minane, kisha anayatoa. Yanafika sokoni kwetu yakiwa na ngozi inayong'aa, meno ya soli yakiwa makali, na muuzaji anaapa kwamba ni mapya. Siku ya pili mlimani soli ya kati inapukutika kama keki kavu na soli ya chini inabaki njiani. Kabla ya kulipa, zamisha ukucha kwenye ubavu wa tabaka hilo, kisha likunje buti kwa nguvu huku ukitazama pale soli inapokutana na ngozi. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, au vidole vikishika unga unaonata, usishawishiwe na bei.

Sasa mpangilio wenyewe. Nafasi ya kwanza naipa buti la ngozi nzima ya kipande kimoja, lililoshonwa soli, lisilo na utando wa plastiki wa kuzuia maji ndani, na lenye soli ya kati ya mpira au ya ngozi. Hanwag, kampuni iliyoanzishwa Bavaria mwaka 1921, na Zamberlan ya Italia, iliyoanza mwaka 1929, ni miongoni mwa wanaoendelea kushona mabuti ya namna hii. Bei yake Ulaya huzidi yuro 300, na jozi huweza kufika kilo 2, uzito ambao mtu huusikia wiki ya kwanza. Dawa yake ni kulizoea mapema: livae kwenda sokoni, livae shambani, lipandie kilima cha karibu, kwa wiki kadhaa. Kulivaa kwa mara ya kwanza langoni Machame, unapoanza kupanda Kilimanjaro, ni kuomba malengelenge. Kwa mtu ambaye mlima ndio unaomlisha, sijaona kitu kingine kinachorudisha fedha yake vizuri hivi.

Nafasi ya pili ni buti hilohilo likiwa mtumba. Najua wapo watakaoshangaa kuona mtumba umewekwa juu ya kiatu kipya, lakini hoja ni ileile ya soli. Buti lililoshonwa, hata likiwa na umri mkubwa, mara nyingi halina poliuritani ya kuoza. Na soli ikiwa imelika, fundi mwenye sindano na uzi wa nailoni ataimudu. Soko la Memorial mjini Moshi, Karume jijini Dar es Salaam, Gikomba na Toi jijini Nairobi ndiko pa kutafutia, nako inafaa kufika asubuhi mapema siku ya kufungua mabelo. Kagua mahali vidole vinapokunjikia: mikunjo ni halali, mpasuko si halali, kwa sababu ngozi iliyokauka hadi ikapasuka haifufuliwi na mafuta yoyote. Toa soli ya ndani uone alama ya mguu wa mwenye nalo wa kwanza. Ikiwa kisigino chake kililalia upande mmoja, buti litakulazimisha nawe utembee hivyo. Pitisha mkono ndani hadi kwenye pua ya buti, utafute misumari, mishono iliyochomoza na kitambaa kilichochanika kisiginoni.

Katika kundi hili wapo pia wanaopata mabuti kwa wageni wanaogawa vifaa vyao mwisho wa safari. Ni bahati njema, lakini zawadi isiyo namba yako iuze ununue iliyo yako.

Ya tatu ni mabuti ya kisasa ya ngozi yaliyogundishwa, yakiwa mapya. Hapa ndipo lilipo kundi kubwa la mabuti ya Meindl, Lowa, Scarpa na Asolo. Ni mepesi kuliko yale ya kwanza, huuzoea mguu upesi, na ukingo wa mpira unaozunguka chini huilinda ngozi dhidi ya mawe. Watengenezaji kadhaa huyapokea tena kiwandani na kuyabadilisha soli, huduma ambayo haimsaidii sana mtu wa Moshi. Mengi yana utando wa Gore-Tex au unaofanana nao. Utando huo huzuia maji ya umande na ya matope, ila ukishatoboka kisiginoni hakuna fundi wa kuuziba, na maji yakiingilia juu ya kifundo huchukua muda mrefu kutoka. Katika msitu wa Kilimanjaro wakati wa masika maji huingia kwa njia ya juu, yakifuata soksi. Kwa hiyo usilipe nyongeza kubwa kwa ajili ya utando huo peke yake. Yakiwa mitumba, mabuti haya yanashuka hadi chini kabisa ya mpangilio wangu, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

Nafasi ya nne ni ya mabuti ya kazi na ya jeshi. Kiwanda cha Bata cha Limuru hutengeneza viatu imara vya ngozi, na mabuti ya majeshi ya Ulaya hupatikana kwenye mitumba, mengine yakiwa ya ngozi nzuri sana. Kwa njia za chini yanatosha. Juu zaidi yana kasoro mbili: mengi yana meno mafupi yasiyoshika changarawe, na yale ya viwandani yenye chuma puani huumiza vidole wakati wa kushuka na kubeba baridi. Kwa Tanzania ipo na sababu ya kisheria ya kuwa mwangalifu: mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, na sioni faida ya mtu kuanza kujieleza njiani kwa ajili ya kiatu.

Ya mwisho ni mabuti mapya ya bei ya chini yenye majina ya kampuni kubwa yaliyoigizwa. Ngozi ni tabaka la chini lililopakwa rangi, soli imeshikwa na gundi dhaifu, na nembo ya njano ya Vibram, kampuni ya soli za mpira, imechapwa kama pambo. Nembo hiyo ina historia nzito: Vitale Bramani wa Milano aliibuni soli ya mpira yenye meno baada ya wapanda mlima sita kufa katika Punta Rasica mwaka 1935, nayo ikaingia sokoni mwaka 1937. Hata ikiwa ya kweli, inathibitisha mpira wa chini tu na haisemi lolote kuhusu ngozi wala mshono. Buti la namna hii likibanduka soli kambi ya Barafu huko Kilimanjaro, mita 4,673 juu ya usawa wa bahari, hakuna duka la karibu.

Ukishachagua aina, namba ndiyo itakayoamua kama utafurahi au utalia. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyokuwa mlimani, ukiwa na soksi nene utakazovaa siku ya kilele. Legeza kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse pua ya buti. Kidole cha shahada kiweze kuingia nyuma ya kisigino. Halafu rudisha kisigino nyuma, funga kamba barabara, na ushuke ngazi au mteremko wowote ulio karibu. Vidole visiguse mbele hata mara moja. Sababu yake ni siku ya kushuka: kutoka kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi, mtu huteremka karibu mita 2,800 kwa siku moja, na buti fupi litaondoka na kucha zako. Buti la kubana lina ubaya mwingine pia, kwani huzuia damu, na mguu usiopata damu huganda baridi hata ukiwa na soksi tatu. Kwa namba za Ulaya, hatua ya namba moja ni kama milimita 6.7, kwa hiyo ukisita kati ya 42 na 43, chukua 43 na uongeze soli ya ndani.

Utunzaji hauna mengi. Ondoa matope kwa maji na brashi, toa soli za ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Usilikaribishe jikoni kwenye mkaa, kwa maana joto huikausha ngozi ikapasuka na hulainisha gundi. Likikauka, paka nta, ukizidisha kwenye mishono. Mafuta mengi ya maji huilegeza ngozi hadi buti lishindwe kukishika kifundo.

Jambo moja la kuongeza ni kwa wanaokusudia Rwenzori upande wa Uganda. Kule mabonde ni kinamasi, na hata buti la nafasi ya kwanza litalowa. Wapandaji huenda na gambuti sehemu kubwa ya njia, na buti la ngozi hubebwa mgongoni likiwa kavu hadi karibu na barafu ya kilele cha Margherita. Kwa safari hiyo tenga fedha ya gambuti zinazokutosha na soksi ndefu, ndipo ufikirie ngozi.